Uwiano wa Mbano: Istilahi Iliyopandishwa Alimbongo

Namba ya injini ya MGB, lile gari la michezo la viti viwili lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, hutanguliwa na herufi kadhaa zilizopigwa kwenye chuma. Ya mwisho kati ya hizo ni H au L. Katika injini za miaka ya mwanzo, yenye H hubana hewa mara 8.8, yenye L hubana mara 8.0, na hiyo ya L ilikusudiwa petroli ya ubora mdogo. Tofauti haifiki hata moja kamili, lakini kiwanda kiliona haitoshi kuiandika kwenye karatasi za mauzo tu. Ilipaswa kukaa kwenye injini yenyewe, ili fundi wa miaka hamsini baadaye aijue kabla hajafungua boliti ya kwanza.

Hicho kinachohesabiwa kwa 8.8 na 8.0 Waingereza hukiita "compression ratio". Kiswahili cha vitabu kikitakiwa kutoa jina, hutoa upesi "uwiano wa mgandamizo". Sarufi haina ubaya. Tatizo ni kwamba mgandamizo tayari una kazi nyingine. Anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa Tanzania husikia kila mara habari za mgandamizo mdogo wa hewa baharini, na hapo neno lina maana ya shinikizo, yaani nguvu ambayo hewa inaukandamiza uso fulani. Mtu huyo ukimwambia injini ina uwiano wa mgandamizo wa 8.8, ana haki ya kudhani unamtajia nguvu. Na fundi wa gereji, anayejua kuna geji inayopachikwa mahali pa plagi na kusoma "kompresheni", atadhani hivyohivyo. Wote wawili watakuwa wamepotea.

Uwiano huu unalinganisha nafasi. Pistoni ikishuka hadi kikomo cha chini, silinda huwa na nafasi fulani juu yake. Ikipanda hadi kikomo cha juu, hubaki nafasi ndogo tu kati ya kichwa cha pistoni na kulasi, yaani silinda hedi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Katika MGB, silinda ina kipenyo cha milimita 80.26 na mwendo wa pistoni wa milimita 88.9, kwa hiyo pistoni moja husukuma karibu sentimita za ujazo 450. Ili kupata 8.8, nafasi inayobaki juu lazima iwe 57.7 hivi; ili kupata 8.0, iwe 64.3. Herufi H na L zinatenganishwa na ujazo usiozidi sana kijiko kimoja cha chai. Hesabu hii haimhitaji mtu awashe injini. Injini iliyolala mezani bila mafuta wala moto, hata ukiipeleka mwezini ambako hakuna hewa kabisa, uwiano wake ni uleule.

Mwezi uko mbali, lakini Alimbongo inatosha. Kituo hiki kiko kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Kirumba na Lubero, katika nyanda za juu za Kivu Kaskazini, Kongo, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, karibu kabisa na ikweta na bado kuna baridi ya kuvalia koti. Barabara hiyo ni ya malori ya viazi na vitunguu, ya Land Cruiser na pikipiki. Tangu vita vilipopanda hadi eneo la Lubero mwaka 2024, imekuwa pia ya habari zisizohusu mizigo. Gari la michezo la Kiingereza si mgeni wa kawaida huko. Ninalipandisha kwa makusudi, kwa sababu mlima ndio unaotenganisha vitu viwili ambavyo Mombasa huonekana kama kimoja.

Kwa mita 2,000, shinikizo la hewa ni karibu asilimia 78 ya lile la usawa wa bahari. Chukua injini nzima, yenye ringi mpya na vali zinazofunga vizuri, ambayo geji yake Mombasa ilisoma bar 11. Ipitishe Nairobi, Kampala, Kasindi, Beni, Butembo, uifikishe Alimbongo, kisha pachika geji ileile. Itasoma bar 8.6 hivi. Hakuna kilichochakaa. Uwiano haujaguswa. Kilichopungua ni hewa iliyoingia. Lakini fundi anayeamini kwamba geji inapima "uwiano wa mgandamizo" ataona injini iliyokwisha, ataagiza ringi, na mwenye gari atalipia ugonjwa usiokuwepo. Kilicho cha kutazama ni kama silinda zote nne zinakaribiana. Moja ikiachwa nyuma sana na wenzake, hapo ndipo pa kutilia shaka. Jina baya la istilahi, basi, si suala la wanaisimu peke yao. Lina gharama ya pistoni.

Mafundi wa Butembo na Beni wana bahati moja, nayo ni Kifaransa. Lugha yao ya gereji ni Kiswahili chenye moteri mahali pa injini, kulasi mahali pa silinda hedi, buji mahali pa plagi, esansi mahali pa petroli na mazuti mahali pa dizeli. Na vitabu vya ufundi vya Kifaransa huita kitu hiki "rapport volumétrique", uwiano wa ujazo, jina ambalo halimruhusu mtu kufikiri habari ya nguvu. Nilivutiwa kulifuata moja kwa moja. Lakini "ujazo wa injini" tayari ni ile cc inayoandikwa kwenye kadi ya gari, 1,800 au 2,000, na uwiano wa ujazo ungesikika kama jambo la kodi. Kitenzi kushindilia, ambacho nacho kingeweza kutoa jina, kina udongo na gobori, na kote kuwili wazo lake ni nguvu ya mkono.

Ninapendekeza uwiano wa mbano. Kubana ni kuifanya nafasi iwe ndogo: mlango hubana, kiatu hubana, abiria hubanana kwenye teksi, na hakuna anayehitaji geji kulijua hilo. Kile geji inachosoma tukiite shinikizo la mbano. Hapo maneno mawili yanasimama bega kwa bega, moja la nafasi na moja la nguvu, na sentensi "uwiano wa mbano haukubadilika ila shinikizo la mbano limeshuka" inaeleweka bila maelezo. Kifupi chake, nakiri, kinabaki UM kwa jina la zamani na jipya pia, jambo litakalowafurahisha wachapaji.

Sasa tuifungue hiyo injini, maana istilahi isiyoingia gereji ni ya bure. Anayeiunda upya MGB ili itembee mjini kwa nguvu zaidi hubadilisha uwiano wa mbano mara mbili, na mara ya kwanza huwa hajui. Silinda zilizolika huchongwa na kupewa pistoni kubwa zaidi. Saizi inayojulikana kwa injini hii ni inchi 0.060 juu ya ya kiwandani, yaani kipenyo cha milimita 81.78. Pistoni moja sasa inasukuma sentimita za ujazo 467, injini nzima inafika 1,868, na kama nafasi ya juu imebaki 57.7, uwiano umepanda kutoka 8.8 hadi karibu 9.1 kabla mtu hajaigusa kulasi. Wengi husifu pistoni kubwa kwa nguvu ambayo sehemu yake inatoka hapo.

Mara ya pili ni ya kukusudia: kulasi inachongwa uso wake wa chini ili chumba cha moto kiwe kifupi. Vyumba vya MGB si vya duara. Vina umbo la moyo, kazi ya Harry Weslake, yule mtaalamu wa Kiingereza wa mtiririko wa hewa, na kwa sababu hiyo hesabu ya "ondoa milimita moja upate kadhaa" huwa ya kubahatisha. Njia ya uhakika ni ya bei ndogo kuliko zote katika ukarabati: kulasi ilazwe kichwa chini, vali na buji zikiwa mahali pake, pakaa grisi kidogo pembeni, funika chumba kwa kipande cha kioo kigumu au plastiki angavu chenye tundu dogo, kisha jaza mazuti kwa bomba la sindano ya duka la dawa mpaka kapovu ka mwisho katoke. Ulichomimina ndicho chumba. Ongeza unene wa gasketi ukizidisha kwa eneo la tundu lake, ongeza bonde la kichwa cha pistoni, ongeza pengo linalobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Rudia vyumba vyote vinne. Visipolingana, sawazisha kwa kukipanua kilicho kidogo, kwa sababu kilicho kikubwa huwezi kukijaza chuma. Hapa fundi anapima kwa mililita, na neno shinikizo halijamtoka kinywani hata mara moja.

Je, inafaa kuchonga mpaka injini ya Alimbongo irudishe bar 11 zake? Inawezekana. Kwa hesabu ya kitabuni, uwiano ukifika 10.6 hivi, shinikizo la mbano kwa mita 2,000 linakuwa sawa na lile la 8.8 pwani, na kwa hilo nafasi ya juu inabidi ipunguzwe kwa sentimita za ujazo 11 kila silinda. Geji itafurahi. Barabara haitafurahi kiasi hicho. Nguvu hutokana na kiasi cha hewa kinachoungua, na hewa bado ni ile pungufu. Mbano mkubwa huifanya injini iutumie moto vizuri zaidi, lakini kutoka 8.8 hadi 10.6 faida yake, tena kwa hesabu iliyo karimu kuliko injini yoyote, ni asilimia 5 tu. Injini iliyobakiwa na asilimia 78 ya nguvu itafika 82. Wanaouza kulasi zilizochongwa kwa ahadi ya kurudisha nguvu zote za pwani wanauza usomaji wa geji.

Mlima wenyewe, hata hivyo, unatoa zawadi moja. Kinachoiua injini ya petroli yenye mbano mkubwa ni kugonga: mchanganyiko unalipuka wenyewe kwa joto na shinikizo badala ya kuungua kwa utaratibu kutoka kwenye buji, na pistoni hutoboka. Harry Ricardo, Mwingereza aliyejenga mwaka 1919 injini ya majaribio ambayo uwiano wake ungeweza kubadilishwa ikiendelea kuzunguka, alionyesha kuwa kila mafuta yana kikomo chake cha mbano. Penye hewa nyepesi kikomo hicho husogea juu. Wajerumani walishakitumia mwaka 1918: injini ya ndege ya BMW IIIa, iliyobuniwa na Max Friz, ilipewa mbano mkubwa kwa ajili ya angani, na rubani hakutakiwa kuifungulia hewa yote akiwa karibu na ardhi.

Gari halina bahati ya rubani. Linapanda, na siku hiyohiyo linashuka. Ukitoka Alimbongo kuelekea kusini, baada ya Kanyabayonga unateremka ukingo wa Kabasha hadi uwanda wa Rwindi, mita elfu moja chini. Ukielekea kaskazini unapita Butembo kisha unaingia Beni yenye joto na misitu. Ile injini ya 10.6, iliyokuwa salama mlimani, Beni itabeba shinikizo la mbano linalozidi la kiwandani kwa karibu asilimia 13, na esansi iliyonunuliwa kwa chupa kando ya njia, kwa wauzaji ambao Wakongo huwaita makadafi, haina cheti cha okteni. Waandaaji wa magari ya Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953, waliishi na fumbo hili, kwa sababu njia yake iliunganisha joto la pwani na vilima vya juu vya Kenya ndani ya mashindano yaleyale. Ford Escort za Kiingereza zilizoshinda mwaka 1972 mikononi mwa Hannu Mikkola na 1977 mikononi mwa Björn Waldegård zilipaswa kumaliza kwanza, kisha ndipo ziitwe za kasi. Kwa gari la kutembelea kati ya Lubero na Beni mimi ningesimama kwenye 9.2 au 9.3, nikaacha moto wa buji ucheleweshwe kidogo wakati wa safari ya bondeni.

Dizeli inaipa istilahi yetu shahidi mwingine, kwa kifupi. Moteri ya mazuti haina buji ya kuwasha. Hutegemea hewa ipate joto kwa kubanwa, na joto hilo hukua hasa kwa uwiano wa mbano pamoja na joto la hewa ilivyoingia. Ndiyo maana asubuhi ya Alimbongo lori lenye mbano wa 20 huhema na kutoa moshi mweupe kabla ya kushika, na lenye silinda zilizolika halishiki kabisa mpaka lisukumwe mteremkoni.

Linabaki suala la ile herufi. Injini iliyochongwa silinda na kulasi, ikiwa bado inasema L wakati uwiano wake ni 9.3, itamdanganya fundi ajaye na mnunuzi ajaye. Chapa ya kiwandani isifutwe, kwa kuwa ndiyo utambulisho wa gari na polisi huitazama. Pembeni yake, mahali palipo bapa, fundi aliyeichonga apige UM 9.3, na mwaka.