Gari la Kwendea Sokoni

Nilikuwa nimeshamaliza sura tatu za riwaya yangu pale mjomba aliponivunja moyo. Mhusika wangu mkuu ni kijana anayekwenda kusoma Michigan, Marekani, mwaka 1986, kama alivyokwenda mjomba mwenyewe. Nikampa Ford Mustang nyekundu, maana ndiyo niliyoizoea kwenye sinema. Mjomba akasoma, akavua miwani. "Mpwa wangu," akaniambia, "huyu kijana wako hakufika Marekani. Sisi wanafunzi tulipanda Reliant."

Reliant? Hata jina sikuwahi kulisikia. Nikaona aibu, nikaanza kuchimba. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliacha kuiuzia Marekani mafuta. Wamarekani, waliozoea magari marefu kama mashua yenye injini za silinda nane, wakajikuta wamepanga foleni kwenye vituo vya petroli. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuwabana watengenezaji wapunguze ulaji wa mafuta wa magari yao. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, foleni zikarudi. Wakati huo huo Honda Civic na nduguze kutoka Japani walikuwa wananunuliwa kama njugu.

Jibu la Detroit likawa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Si kwamba Wamarekani walikuwa hawaijui kazi hiyo. Oldsmobile Toronado ya 1966 ilivuta mbele, ila ilikuwa dubwana. Faida kubwa huonekana kwenye gari dogo. Injini inalazwa kwa upana, giaboksi inakaa ubavuni mwake, na propela shafti, lile bomba refu la kupeleka nguvu nyuma, halina kazi tena. Gari linakuwa jepesi, abiria wanapata pa kunyoosha miguu, na uzito wa injini unayakandamiza magurudumu yale yale yanayovuta. Kwenye theluji ya Michigan, anasema mjomba, hilo si jambo dogo.

Chrysler walitangulia na Dodge Omni na Plymouth Horizon za 1978. Aprili 1979 General Motors wakaleta Chevrolet Citation. Loo, watu waliigombea! Magari zaidi ya 800,000 yaliuzwa katika mwaka wa kwanza wa modeli hiyo, na jarida la Motor Trend likaitangaza gari la mwaka. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kampuni ikawa inayaita magari hayo matengenezoni mara kwa mara, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ikaishtaki, ikidai kuwa breki za nyuma zilikuwa zinakaba na kuliyumbisha gari. General Motors walishinda kesi mwaka 1987. Lakini mtaani hukumu ilikwisha kutolewa zamani. Mauzo yaliporomoka, na Citation ikaachwa kutengenezwa mwaka 1985.

Reliant yenyewe ilizaliwa kwenye dhiki. Chrysler ilikuwa inazama, na Januari 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuidhamini kwa mikopo ya dola bilioni 1.5. Mkuu wake, Lee Iacocca, akaweka tumaini lake kwa mapacha wawili wa 1981, Dodge Aries na Plymouth Reliant. Yalikuwa magari ya mraba kama boksi la viatu, yenye injini ya silinda nne ya lita 2.2, na nafasi ya watu sita mkibanana. Mbwembwe hakuna. Mikopo ikalipwa 1983, miaka saba kabla ya muda wake. Hadi 1989 mapacha hao walikuwa wametoka takriban milioni mbili.

Sasa wako wapi? Ungedhani Citation imetoweka na Reliant imebaki. Wapi! Zote leo ni adimu. Citation ilitupwa kwa kuwa haikuaminiwa, na Reliant ikatumiwa mpaka ikaisha kwa kuwa iliaminiwa. Ilitoka kwa baba ikaenda kwa mwana, ikaenda kwa mwanafunzi mgeni. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ikatafuna mabati. Siku gharama ya matengenezo ilipozidi bei ya gari lenyewe, likapelekwa kwenye vyuma chakavu. Mustang zilikuwa zinafutwa vumbi na kufunikwa. Gari la kwendea sokoni alitunze nani? Asante ya punda ni mateke.

Mjomba lake alilinunua kuukuu. Lilimfikisha darasani misimu miwili ya baridi, akaliuza wiki aliyopanda ndege kurudi nyumbani. Nikamwomba picha yake. Akacheka. "Picha ya nini? Sisi tulipiga picha mbele ya magari ya watu." Kisha akanyamaza kidogo, akasema angependa kuliona tena, hata bovu.

Basi nimeifuta ile Mustang. Kijana wangu sasa anakwangua barafu kwenye kioo cha Reliant, mikono inamuuma, na kwa mara ya kwanza mjomba amesoma bila kuvua miwani. Waandishi wenzangu, nanyi waulizeni wazee wenu walipanda nini hasa, wangali wapo wa kuwajibu. Kwenye picha hamtakiona.