Kuhamia toleo kuu jipya la maktaba ya hifadhidata

Kuhamia toleo kuu jipya la maktaba ya hifadhidata ni kazi ya kubadilisha ile sehemu ya programu ya kompyuta inayowasiliana na seva ya hifadhidata, pale toleo jipya la sehemu hiyo linapoacha kukubali amri za toleo la zamani. Maktaba hapa si chumba cha vitabu, bali ni mkusanyo wa amri zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtunzi wa programu huziita badala ya kuziandika upya.

Maktaba nyingi huandika toleo lake kwa namba tatu, kwa mfano 2.4.1. Namba ya kwanza ikibadilika, watumiaji huwa wanaonywa kwamba programu za zamani zinaweza kukwama. Hata hivyo ukubwa wa namba hauna maana kila mara: maktaba inayounganisha lugha ya Java na hifadhidata ya PostgreSQL iliruka kutoka 9.4 hadi 42 mwaka 2017, kwa sababu tu watunzi wake hawakutaka ichanganywe na namba za PostgreSQL yenyewe.

== PHP na MySQL ==

Mfano unaojulikana zaidi ni wa lugha ya PHP, ambayo hutumika sana kutengeneza tovuti na mifumo midogo ya ofisi na shule. Kwa miaka mingi PHP iliwasiliana na hifadhidata ya MySQL kwa maktaba iliyoitwa mysql. Maktaba ya mysqli ilikuja na PHP 5.0 mwaka 2004, na PDO ikafuata katika PHP 5.1 mwaka 2005. Ile ya zamani ilitangazwa kuwa inaachwa katika PHP 5.5 (2013), kisha ikaondolewa kabisa katika PHP 7.0 iliyotoka Desemba 2015. Waliotumia mysql walikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kujiandaa, lakini mfumo unaofanya kazi haumsumbui mtu, na mingi iliachwa hivyo hivyo.

Kuongeza herufi i kwenye majina ya amri hakutoshi. Katika mysql_query amri ya hifadhidata hutajwa kwanza na kiungo cha seva hufuata, tena kinaweza kuachwa. Katika mysqli_query kiungo hutangulia na ni cha lazima.

== Ritifaa katika majina ya Simiyu ==

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, una majina mengi ya Kisukuma yanayoandikwa kwa ritifaa: kata ya Ng'hoboko wilayani Meatu, Kinang'weli wilayani Itilima, Ng'wigwa wilayani Maswa, mbali na majina ya watu. Katika lugha ya SQL alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Programu inayobandika jina moja kwa moja ndani ya amri hukuta maandishi yamefungwa baada ya herufi "Ng", na sehemu inayobaki husomwa kama amri isiyoeleweka. Mlango huohuo hutumiwa na wahalifu wanaoandika amri zao katika kisanduku cha jina.

Dawa ya zamani ilikuwa kuweka alama ya \ kabla ya ritifaa. PHP iliwahi kufanya hivyo yenyewe kwa kila kilichojazwa kwenye fomu, hadi utaratibu huo ulipoondolewa katika PHP 5.4, Machi 2012, mwezi uleule mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa rasmi. Maktaba mpya zina njia bora zaidi: amri hutumwa ikiwa na nafasi tupu, na jina hupelekwa peke yake, kwa hiyo ritifaa haiwezi kuchukuliwa kuwa sehemu ya amri.

Tatizo hutokea mtunzi anapotumia njia mpya bila kuondoa ile ya zamani. Hapo alama ya \ huhifadhiwa pamoja na jina, na hifadhidata inakuwa na Ng'hoboko na Ng\'hoboko kama kata mbili. Mgonjwa au mwanafunzi aliyeandikishwa chini ya jina la pili hatapatikana kwa kutafuta la kwanza, na jumla ya kata hupungua bila kompyuta kulalamika.

Kuna pia ritifaa iliyopinda (’), ambayo simu na programu za uandishi huiweka zenyewe. Katika mfumo wa herufi wa UTF-8 alama hiyo huchukua baiti tatu. Ikiwa mfumo wa zamani uliihifadhi kupitia kiungo cha latin1, jina lilisomeka vizuri kwa kuwa kosa lilirudiwa kinyume wakati wa kusoma. Kiungo kipya kikitumia utf8mb4, ambayo ndiyo chaguo-msingi la MySQL 8.0, skrini huonyesha Ngâ€™hoboko.

== Makosa ya kimya na nenosiri ==

Kabla ya PHP 8.0 kwa PDO (2020) na PHP 8.1 kwa mysqli (2021), amri iliyoshindwa ilirudisha tu jibu la "si kweli" na programu ikaendelea. Mtumiaji angeweza kuambiwa kwamba taarifa zimehifadhiwa ilhali hazipo. Sasa programu husimama. Wengi huliona hili kama uharibifu ulioletwa na toleo jipya, kumbe kosa lilikuwepo tangu zamani.

MySQL 8.0 ya mwaka 2018 ilibadilisha pia namna ya kuhakiki nenosiri, na maktaba zisizoifahamu zilikataliwa kuunganishwa hata nenosiri lilipokuwa sahihi.

== Utaratibu ==

Kwanza hutolewa nakala ya hifadhidata na kujaribiwa kurejeshwa, kwani nakala isiyorejesheka haina kazi. Mabadiliko hufanyika kwenye kompyuta nyingine, kisha idadi ya rekodi katika kila jedwali hulinganishwa na ya awali. Majaribio hayana budi kutumia majina halisi yenye ritifaa. Mfumo uliojaribiwa kwa "Juma" peke yake haujajaribiwa.

Si kila ofisi hufanya kazi hii yenyewe. Takwimu za vituo vya afya za MTUHA, zikiwemo za Simiyu, huingizwa katika DHIS2, mfumo wa Java na PostgreSQL unaoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Maktaba zake hubadilishwa na watunzi wa huko na kuletwa ndani ya toleo zima, hivyo kazi ya wasimamizi nchini ni kulijaribu toleo hilo kwa data zao kabla ya kulifungulia wilaya.