Ithibati ya Mwandishi wa Maandishi ya Kiufundi: Mtazamo kutoka Kyela

Historia ya Kiswahili Sanifu ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya ithibati. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, mojawapo ya majukumu yake lilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuamua kama lugha yake ilifaa kuchapishwa. Nchini Tanzania jukumu la namna hiyo limerithiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Katika kipindi chote hicho muhuri umegongwa juu ya kitabu. Swali la mhadhara huu ni hili: je, kuna haja ya kumthibitisha mwandishi mwenyewe, hasa yule anayeandika maelekezo ya kazi, yaani maandishi ya kiufundi?

Ili swali lisibaki hewani, na tulitazame kutoka Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin waliofika eneo hilo mwaka 1891 walihubiri na kufundisha kwa Kinyakyusa, ilhali utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili. Mgawanyo huo haujafutika kabisa: kwa wengi Kinyakyusa ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya shule, ofisi na karatasi. Kwa hiyo anayeandika maelekezo kwa ajili ya Kyela anamwandikia msomaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, kama ilivyo kwa Watanzania wengi.

Mbali na mpunga, Kyela ni kitovu cha kilimo cha kakao nchini. Mbegu zikishatolewa katika tunda hufunikwa kwa majani ya migomba au hutiwa katika masanduku kwa siku tano hadi saba, zikigeuzwa ili zipate hewa, kisha huanikwa. Hatua hiyo ikikosewa, ladha huharibika. Sasa tubuni sentensi ya kipeperushi: “Geuza kakao baada ya siku mbili.” Sarufi yake haina dosari, na msomaji wa ithibati ya lugha ataipitisha. Hata hivyo, mkulima mmoja atageuza mara moja tu, na mwingine atageuza kila baada ya siku mbili. Neno “kila” lililoachwa ndilo lililobeba mavuno.

Mfano wa pili unahusu istilahi. Mwandishi anaweza kutumia “kuvundika” katika ukurasa mmoja na “kuchachusha” katika ukurasa mwingine, kwa kuwa alifundishwa shuleni kwamba kurudia neno ni udhaifu wa mtindo. Mkulima, ambaye tangu utotoni anajua kuvundika ndizi, atadhani kuwa ni hatua mbili tofauti. Sifa ya insha hapa imegeuka kosa la kiufundi.

Muhuri wa kitabu peke yake hautoshi kutukinga. Mwaka 2013 kamati ya kuidhinisha vifaa vya elimu, iliyojulikana kama EMAC, ilivunjwa baada ya mjadala Bungeni juu ya makosa katika vitabu vya kiada. Vipeperushi, lebo na miongozo, ambavyo ni vingi na hubadilika upesi, ni vigumu zaidi kukaguliwa kimoja kimoja. Hapo ndipo thamani ya kumthibitisha mwandishi inapoonekana: msomaji asiyeweza kupima ubora wa andiko kabla ya kulitumia hupata mtu wa kumwamini na wa kumwajibisha.

Hata hivyo tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, cheti huishi kwa uhai wa taasisi inayokitoa. Nchini Marekani, chama cha waandishi wa kiufundi kilichojulikana kama STC, ambacho kilikuwa kikitoa vyeti, kilifungwa Januari 2025. Ithibati yetu isiegemee chama kinachotegemea ada za wanachama pekee. Pili, usanifishaji uliofanywa kwa msingi wa Kiunguja uliwafanya waandishi wengi wa bara wapimwe kwa lahaja isiyo yao. Mtihani wa sarufi pekee utarudia hali hiyo: utampa cheti mhitimu asiyewahi kuliona sanduku la kakao, na kumwangusha bwana shamba wa Ipinda anayeijua kazi na anayekijua Kinyakyusa.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mtihani wa mwandishi wa kiufundi usiishie mezani pa mhariri. Andiko lake lipelekwe kwa msomaji aliyekusudiwa, naye aachwe afanye kazi akiongozwa na karatasi tu, huku mtahini akitazama bila kusema neno. Kazi ikifanyika sawasawa, mwandishi amefaulu. Kwa karibu karne moja tumeuliza kama Kiswahili cha andiko ni sanifu. Umefika wakati wa kuuliza pia kama kimeeleweka.