Cheni Kwenye Mteremko wa Nithi
Barabara ya Embu hadi Meru haijui tambarare. Thuci, Ruguti, Nithi: kila mto unakushusha bondeni, kisha unakudai jasho. Black Mamba ya gia moja ilipita hapa kwa kusukumwa, mzigo nyuma, mwenyewe kwa miguu. Na si sisi tu. Hata Tour de France haikuruhusu direla, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, hadi 1937.

Gia zilileta shida yake. Kwenye murram cheni inarukaruka, inapiga fremu, inachomoka. Mwaka 2011 Shimano wakatia klachi ndani ya direla: msuguano unaozuia mkono wake kuyumba.

Hapo ndipo wengi tunakosea. Gia ikigoma, tunakaza klachi. Mimi nilikaza, nikaanza kupanda kutoka Nithi, cheni ikakataa kabisa kwenda gia nyepesi. Nikasukuma, kama wale wa Black Mamba. Siku hizi nazima swichi ya klachi kwanza, narekebisha waya kidogo kidogo mpaka kila mbofyo ulete gia moja, ndipo nawasha. Ikibaki nzito, nalegeza klachi. Na nikitoa gurudumu la nyuma, nazima tena.