Ambari, Karafuu na Manukato ya Wananchi

Utamaduni wa taifa unapotajwa, fikra za wengi wetu hukimbilia ngoma, methali na vinyago. Ni nadra kukumbuka manukato. Hata hivyo, manukato nayo yana historia yake, na historia hiyo inatuuliza swali zito: je, kunukia vizuri ni haki ya mwenye mali peke yake?

Swali hilo lamhusu mwanafunzi wa Misunkumilo, huko Mpanda, sawasawa na mwenzake wa Unguja. Chupa ndogo ya manukato ya bei nafuu, yenye harufu nzito ya ambari na viungo, ina nyuma yake safari ya zaidi ya miaka elfu moja.

Ambari halisi hutoka katika matumbo ya nyangumi mkubwa mwenye meno, alaye ngisi. Humtoka ikiwa nyeusi na yenye harufu mbaya. Ikielea baharini miaka mingi, jua na maji ya chumvi huigeuza ikawa ya kijivu na yenye kunukia. Duan Chengshi wa China, aliyefariki mwaka 863, alitaja ambari na pembe za ndovu kuwa mazao ya nchi aliyoiita Bobali, ambayo wanahistoria wengi huiweka upande wa Somalia. Katika karne ya 10, Al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri katika bahari ya Zanji, aliisifu ambari ya pwani hizi kuwa ndiyo bora. Kwa hiyo mali hiyo iliokotwa katika fukwe zetu, ikapakiwa majahazini, ikaenda kunukia katika majumba ya wakuu wa nchi za mbali.

Karafuu ilikuja baadaye. Mikarafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na katika utawala wa Seyyid Said mashamba yakaenea Unguja na Pemba. Tusisahau kwamba waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa, na kwamba utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Utamu wa harufu ile ulitokana na jasho la watu wasiolipwa.

Lakini watu wa kawaida hawakuridhika kuwa wachumaji tu. Wanawake wa pwani waliendeleza elimu yao wenyewe ya manukato. Liwa ilisuguliwa juu ya jiwe. Karafuu ikatwangwa na kutiwa katika singo ya bibi harusi. Asumini na mrehani zikafungwa vikuba. Na udi ukafukizwa katika chetezo. Ubora wa elimu hii ni kwamba kichanganyo huongezwa au kupunguzwa kwa kadiri ya mfuko. Asiyeweza kununua ambari hakukosa karafuu.

Je, mambo ya pwani yalifikaje bara? Kwanza zilikuwako njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji na Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na tawi la kutoka Kaliua likafika Mpanda mwaka 1950. Wakoloni walilijenga tawi hilo kwa ajili ya mgodi wa risasi, wala hawakufikiria manukato. Lakini njia ikishafunguka haichagui mzigo: watu husafiri na desturi zao.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 wanakemia wa Ulaya walianza kuuza kitu chenye harufu ya ambari kilichotengenezwa kutokana na mmea wa jamii ya mrehani. Leo manukato mengi ya bei nafuu yaitwayo ambari hayana chembe ya nyangumi; yana utomvu wa miti, vanila na kemikali za viwandani. Wako wanaoyadharau kwa sababu hiyo. Dharau hiyo haina msingi, kwani mchanganyiko wa ufundi na uwezo ndio uliokuwa desturi ya mama zetu tangu hapo.

Walimu na wanafunzi wa bara wana kazi ya kufanya. Waulizeni wazee majina ya magome, mizizi na majani yaliyotumika kunukiza mwili na nguo katika sehemu zenu, kisha yaandikeni kabla hayajasahauliwa. Jina la mti likipotea, elimu yake hupotea pamoja nalo. Manukato ya kila siku si anasa iliyookotwa mezani pa tajiri. Ni sehemu ya heshima ambayo wananchi wamejitengenezea kwa mikono yao.