Watoto wa Dohani

Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, London ilijengwa upya kwa matofali, na makaa ya mawe yakazidi kuchukua nafasi ya kuni. Dohani za nyumba zilikuwa nyembamba, zenye kona na mipindo; nyingi zilikuwa na upana wa inchi 9 kwa 14 tu. Mtu mzima hapiti humo.

Mtoto anapita. Basi mafundi wa kusafisha dohani wakawachukua watoto wa maskini na mayatima waliolelewa na parokia, wengine wa miaka 5 au 6, wakawaita wanagenzi. Mtoto alipanda gizani kwa viwiko na magoti, akikwangua masizi yaliyomwangukia kichwani. Ngozi ilichubuka ikatoka damu. Dawa ya fundi ilikuwa maji ya chumvi kali: mtoto alisimamishwa karibu na moto, akasuguliwa magoti na viwiko kwa maji hayo, siku baada ya siku, hadi ngozi iwe sugu. Usiku alijifunika magunia yale yale ya masizi. Kuoga kulikuwa kwa nadra.

Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, aliandika kuhusu kidonda kilichowatoka wasafishaji hao kwenye ngozi ya korodani. Wenyewe walikifahamu, wakikiita chunjua ya masizi. Kwa kuwa kilijitokeza baada ya balehe, mara nyingi mtu akiwa ameshaacha kupanda, madaktari walikidhania kuwa ugonjwa wa zinaa, wakawapa wagonjwa zebaki. Pott alikataa. Alisema ni saratani, na chanzo chake ni masizi yaliyonasa kwenye mikunjo ya ngozi. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameihusisha saratani na kazi kwa uwazi namna hiyo.

Sheria ya mwaka 1788 ilikataza wanagenzi chini ya miaka 8, lakini haikuwa na msimamizi. Ya mwaka 1840 ilikataza yeyote chini ya miaka 21 kupanda. Watoto wakaendelea kupanda. Linalouma zaidi ni kwamba brashi ya fito za kuunganisha ilikuwepo tangu mwaka 1803, na wenye nyumba wengi waliikataa, wakisema mtoto anasafisha vizuri zaidi.

Februari 1875 mtoto George Brewster alinasa ndani ya dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge. Ukuta ulibomolewa akatolewa, lakini alifariki muda mfupi baadaye. Bosi wake alifungwa miezi 6 na kazi ngumu. Mwaka huo huo mwanasiasa Lord Shaftesbury alifanikisha sheria ya leseni za wasafishaji, iliyosimamiwa na polisi, miaka 100 baada ya maandishi ya Pott.

Saratani haikukoma papo hapo, maana waliopanda utotoni sasa walikuwa watu wazima. Mwaka 1892 Henry Butlin, naye mpasuaji wa St Bartholomew's, alichunguza kwa nini wasafishaji wa Ujerumani na Uholanzi hawakuugua kama wa Uingereza. Aliwakuta wakivaa nguo za kubana kuanzia shingoni, na wakioga kila siku.