Kitufe cha Kioo

Katika mji wa Haarlem, nchi ya Uholanzi, aliishi katika karne ya 17 mchoraji aitwaye Willem Claesz Heda. Huyu alipenda kuchora meza zilizoachwa baada ya kula: limau lililomenywa nusu, sahani zilizo ukingoni, na bilauri ya kioo cha kijani. Ukiitazama bilauri hiyo kwa mbali wadhani waweza kuishika. Ukisogea karibu hukuti kioo; wakuta rangi tu, na ubavuni mwa bilauri doa jeupe lenye umbo la dirisha. Doa hilo ndilo linalofanya kazi kubwa. Jicho likiona nuru imeng'aa mahali padogo namna ile, na likiona vitu vya nyuma vikipenya, huamini mara moja kwamba hapo pana kioo, wala halingoji ushahidi mwingine.

Miaka zaidi ya 300 baadaye hila hiyo ilitokea tena, mara hii katika skrini za kompyuta.

Vitufe vya kwanza vya kompyuta vilikuwa vikavu. Vile vya Macintosh ya mwaka 1984 vilikuwa vyeusi na vyeupe tu, maana skrini haikuwa na rangi nyingine. Vya Windows 95 vilikuwa vya kijivu, vyenye ukingo mweupe juu na mweusi chini, ili vionekane vimeinuka kama matofali. Kisha mwaka 1998 kampuni ya Apple ikauza iMac, kompyuta yenye bweta la plastiki angavu. Tarehe 5 Januari 2000, mjini San Francisco, mkuu wake Steve Jobs akaonyesha sura mpya ya skrini iitwayo Aqua, yaani "maji" kwa Kilatini. Vitufe vyake vya samawati viling'aa kama peremende, na Jobs mwenyewe alisema walikusudia mtu akiviona atamani kuvilamba.

Tamaa hiyo ilienea upesi. Watengenezaji wa kurasa za intaneti walitaka vitufe vya namna hiyo, na chombo walikuwa nacho: Photoshop, programu ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Tangu mwaka 1994 iliweza kupanga picha kwa matabaka, na kila tabaka kufifishwa kwa kipimo. Msingi wake ni hesabu iliyoelezwa mwaka 1984 na Thomas Porter na Tom Duff. Kila nukta ya picha, pamoja na tarakimu za rangi zake, huchukua tarakimu nyingine inayosema imefunika kiasi gani. Tuseme nyeupe ni 255, na rangi iliyo chini yake ni 100. Nyeupe ikifunika mafungu 4 katika 10, twapata 102 kutoka kwake na 60 kutoka chini, jumla 162. Hicho ndicho "kioo" chote.

Fundi alianza na mstatili wenye pembe za mviringo, akautia samawati iliyokolea juu na kupauka chini. Hapa wanaojifunza hushangaa, wakidhani upande wa juu, ulio karibu na taa, ndio ungepauka. Ndivyo ilivyo kwa jiwe. Lakini kioo hupitisha nuru, nayo huangaza upande wa pili. Kisha alitandaza utepe mweupe nusu ya juu, unaofifia kadiri unavyoshuka. Mwisho alitia kivuli, tena si cheusi bali cha samawati. Weka chupa ya kijani juani, utaona sababu.

Mwaka 2007 Windows Vista nayo ilileta madirisha ya kioo cha ukungu. Halafu mambo yakageuka: Windows 8 mwaka 2012, na simu za Apple mwaka 2013, zikaondoa mng'ao kwenye vitufe. Simu zilikuwa na skrini za ukubwa mbalimbali, na kitufe kilichochorwa nukta kwa nukta kilihitaji kuchorwa upya kwa kila ukubwa. Rangi tupu haina taabu hiyo. Lakini mtu asiyezoea alibaki akitafuta mahali pa kubonyeza, kwa kuwa neno la kubonyezwa na neno la kusomwa tu yalifanana. Kwa maoni yangu hasara hiyo haikupimwa ipasavyo.

Tarehe 9 Juni 2025 Apple ilikirudisha kioo, kwa jina la Liquid Glass. Safari hii hakikuchorwa na mtu mapema. Mashine yenyewe hukokotoa, kila unaposogeza ukurasa, jinsi vitu vya nyuma vitakavyopinda na kung'aa. Malalamiko hayakukawia. Bilauri ya Heda haikuwa na kazi ya kusomwa, bali kitufe kina neno juu yake, na neno jeupe likipitiwa chini na picha ya mawingu hutoweka. Kabla mwaka huo haujaisha, kampuni iliongeza katika mipangilio ya simu namna ya kukifanya kioo hicho kiwe kizito zaidi.